Pumzi Kabla ya Tarumbeta

Sitaki mtu aniambie tena kwamba mama yangu alikuwa na nia njema. Nia njema naijua. Niliikuta imepangwa jikoni kwetu, Saint-Gilles, huku Ubelgiji, kwenye kaushio la vyombo: sahani nyeusi za santuri zimesimama kama sahani za kulia, zinachuruzika, na nyumba nzima inanuka alcool, ile spiriti ya kuulia vijidudu, kama chumba cha kuchomea sindano.

Lakini nianze na papa.

Papa alikuwa mlinzi. Miaka yote alisimama mlangoni mwa jengo moja karibu na Schuman, kwenye mtaa wa maofisi makubwa, suti ya buluu, waya sikioni, akisema bonjour kwa watu wasiomjibu. Mama alisafisha ofisi mtaa huohuo. Yeye aliingia kwa mlango wa nyuma na kutoka kabla wenye ofisi hawajafika, kwa hiyo kuna watu waliofanya kazi miaka kumi kwenye meza aliyoifuta mama na hawamjui sura. Walitoka Bukavu wakiwa vijana, mimi niko mgongoni. Nyumba tuliyopata hapa ni ghorofa ya chini ya nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba, na hatujahama mpaka leo. Chini yake kuna stoo. Mle stoo kulikuwa na vitu vya mzee mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa akiishi hapo kabla yetu na ambaye alifia humohumo ndani. Mwenye nyumba alimwambia papa atupe vyote. Papa akatupa godoro, akatupa viti na mapazia. Alipofikia masanduku ya santuri akakaa chini sakafuni.

Zilikuwa zile santuri nzito za zamani zinazozunguka mbio, dakika tatu upande mmoja, basi. Bendi kubwa za Wamarekani, za wakati babu zetu hawajaoa. Tarumbeta safu moja, tromboni safu nyingine, saksafoni mbele, wote wanakwenda sawasawa kama kwata ya askari waliokunywa kidogo. Swing. Papa hakuujua muziki ule. Sisi ni watu wa rumba na wa kwaya. Lakini akapata mashine ya umeme ya kuzipigia, ya aina ya sanduku lenye mpini, kwenye soko la vitu vikuukuu, na Jumamosi yake ikawa hiyo. Mimi nimekua na hizo bendi. Watoto wenzangu shuleni walikuwa na mambo yao, mimi nilikuwa najua kuigiza tromboni kwa mdomo. Nilichekwa sana, na nilimpiga mmoja.

Kilichomuudhi papa ni ile karatasi ya duara iliyo katikati. Jina la bosi limeandikwa kwa herufi za dhahabu, halafu chini yake: na orchestra yake. Basi. Wanaume kumi na tano wamepuliza mpaka mishipa ya shingo imesimama, wote wamegeuka kuwa "yake." Papa aliweka kidole pale, ananiuliza:

"Na hawa benye kupuliza, banaitwa nani?"

Nasema sijui, papa.

"Njo vile. Hata kwa kazi yetu njo vile."

Aliniambia wengi wao walikuwa watu weusi, walipiga muziki kwenye hoteli ambazo wasingekubaliwa kulala, na waliingia kwa mlango wa jikoni wakiwa wamevaa suti nyeupe. Siku moja mama alikuwa anapita na beseni la nguo, akasikia. Akasema bila kusimama, "Basi hao ni ba collègues yangu." Papa alicheka mpaka akainua sindano ya mashine ili asiharibu santuri.

Nalisema hili ili mjue mama si mtu wa kukosa akili. Ndiyo maana nina hasira.

Kati ya santuri zote kulikuwa na moja. Wimbo unakwenda, bendi nzima iko ndani, halafu ghafla wote wananyamaza. Mtu mmoja wa tarumbeta ndiye anayetakiwa aingie peke yake. Na kabla hajaingia, ukikaa karibu, unamsikia anavuta pumzi. Ya haraka, ya mtu aliyekimbilia tramu. Kisha anapuliza, na anapuliza vizuri, lakini papa hakujali sana kile alichopuliza. Papa alingoja ile pumzi.

Alinieleza kwamba wakati ule hakukuwa na kurekebisha. Bendi inasimama chumbani, inapiga mwanzo mpaka mwisho, muziki unachongwa kwenye nta papo hapo. Ukikosea, ama mnaanza upya ama kosa lako linakwenda madukani. Huyu mtu alisimama karibu mno na maikrofoni. Bosi wake alisikia au hakusikia, ikapita. "Alishakufa zamani," papa alisema, "jina yake hatujue, lakini pumzi yake iko hapa." Wageni waliokuja kula samaki na bia zao waliambiwa wanyamaze, wanyamaze kabisa, kwa ajili ya kusikiliza mtu akivuta hewa. Wengine walidhani papa amechanganyikiwa. Mimi nikiwa na mimba, peke yangu, mwenye mimba yake ameshajiendea zake, ni pale nilipokaa Jumamosi baada ya Jumamosi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Tulingoja pumzi ipite, papa akarudisha sindano nyuma.

Kisha mapafu ya papa yakaanza kukauka.

Daktari alisema yanakuwa magumu, kama sifongo iliyosahauliwa juani, na kwamba hayarudi. Kwanza papa alishindwa ngazi. Halafu alishindwa kutembea mpaka kwenye kituo cha tramu. Halafu alikuwa anavaa soksi moja, anapumzika, anavaa ya pili. Wakampeleka hospitalini, kwenye chumba cha wale ambao hawatibiwi tena, wanatunzwa tu, na mrija wa oksijeni puani. Alipoongea alikata maneno. Siku moja nilikuwa namkata kucha, akasema:

"Niletee ile ya pumzi."

Nilijifanya mjanja. Nilitafuta kwenye simu nikaupata wimbo, bosi yuleyule, bendi ileile. Nikamwekea vipokea sauti masikioni, nikamtazama usoni. Muziki ulikuwa safi kama umepigwa jana. Pale bendi iliponyamaza nilijua kwa macho yake. Akatikisa kichwa.

"Haiko ile. Bameisafisha."

Nilisikiliza mwenyewe. Kweli. Kimya kinakuja, kimya kitupu, halafu tarumbeta inaanza kutoka hewani kama haina mtu nyuma yake. Mafundi wa kompyuta waliondoa mikwaruzo yote ya santuri, na walipokuwa wanaondoa vumbi wakaondoa na mtu.

Basi ilibidi mashine yenyewe iletwe. Nesi wa zamu, Mbelgiji wa Kiflemi, mpole, mwenye mikono mikubwa, alikubali: Jumamosi mchana, mlango umefungwa. Alisema jambo moja tu, na mama alikuwepo: vitu hivyo vya zamani vije safi, bila vumbi, maana wagonjwa wa humu ni wa kifua. Mama aliitikia kwa kichwa. Vumbi ni kazi yake.

Sasa niwaambie habari ya shangazi. Huyu ni dada mkubwa wa papa, anakaa Forest, mtaa wa jirani, na ni kiongozi wa wamama wa maombi kanisani kwao. Anapoingia nyumbani anaanza kwa kutazama pembe za dari. Wiki ileile ya Jumamosi yetu alikuja na wenzake kuiombea nyumba. Mimi nilikuwa kazini, kwenye kantini ya shule, nagawa viazi. Haya niliyapata kwa mama baadaye. Waliomba, walikunywa chai, halafu shangazi akanyoosha kidole kwenye masanduku. Akasema mbele ya wote:

"Kaka yangu anakosa pumzi, na ninyi muko munalala na bitu bya mufu, mwenye pumzi ilimukatikia humu ndani."

Mtu wa mbali atacheka. Kwetu hilo halichekeshi. Dada wa mume akisema neno kama hilo mbele ya mashahidi, hajasema tu, ameanza kesi. Siku mume akifa watakaa watauliza: mke alijua, mbona hakutupa? Alikuwa anangoja nini? Nimeona wajane waliotolewa nyumbani kwa neno dogo kuliko hilo, na si Bukavu, ni hapahapa, na vitambulisho vyao vya Kibelgiji mkononi. Mama alilijua hilo kuliko mimi. Walitaka masanduku yawekwe barabarani siku ileile, yachukuliwe na lori la takataka.

Mama alikataa. Hapo nampa haki yake. Alisema mume wake anazitaka, hazitoki. Basi wakajadiliana, na wakafika pale watu wetu wanapofikaga: kitu cha marehemu ambacho walio hai wanataka kukitumia, kinaoshwa. Nguo, kitanda, sufuria, kinaoshwa na kinaombewa, na yule aliyekufa anakiachia. Shangazi akasema sawa, vioshwe. Akaombea beseni. Akaenda zake Forest.

Na mama akabaki na beseni.

Papa alikuwa akiziosha mwenyewe, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, kitambaa laini, bila kulowesha karatasi ya katikati. Mama alimwona mara nyingi. Lakini mama haamini maji. Tangu ule mwaka wa barakoa, huko ofisini waliwapa chupa za kupuliza, na walifundishwa: kitasa, simu, kitufe cha lifti, chochote kinachoguswa na mgonjwa, ni alcool. Kwake maji na sabuni ni kuosha kwa wanaume. Hapa kuna vitu vya mfu vinavyokwenda kwa mgonjwa, nesi amesema viwe safi, wifi amesema vioshwe. Jumamosi asubuhi, nikiwa nimetoka, akatoa chupa.

Zile santuri si plastiki. Ni utomvu wa wadudu fulani uliochanganywa na unga wa mawe. Maji hayazidhuru ukiwa mwangalifu. Alcool inaziyeyusha.

Nilirudi nyumbani na binti yangu mkononi, na begi la kubebea mashine. Harufu ilinipokea mlangoni. Nikaingia jikoni. Hazikung'aa tena. Santuri nzuri ina weusi unaoonyesha taa. Hizi zilikuwa kijivu, kama soli ya kiatu, na mistari imelala. Kitambaa kilikuwa kimekwama kwenye beseni, cheusi tititi. Nikainua ile yetu ya pumzi. Mama alikuwa ameishika ikiwa laini bado, na alama za vidole vyake zilikuwa zimezama humo ndani kabisa, dole gumba upande huu, vinne upande ule, zimekauka. Binti yangu alishika ukingo wa nyingine, akanionyesha mkono mweusi, akacheka.

"Nimeiosha muzuri," mama alisema. "Mbele na nyuma. Ile ya papa njo nilianza nayo."

Sitaandika yote niliyomwambia. Nilimwambia kwamba ofisini wanamlipa asafishe, si atumie kichwa. Nilimwambia kwamba sasa shangazi ana haki ya kusema yeye, mama, ameua mtu. Alisimama na glovu zake za njano hajazivua. Mwanzo hakuelewa. Alidhani nalalamikia kijivu, akasema itarudi ikikauka, apake mafuta kidogo. Nilipomweleza alichofanya, alivua glovu moja, akagusa sahani, akaitazama alama ya kidole chake. Akaketi. Halafu akasimama akavaa koti.

Nikamwambia abaki. Akasema, "Ni bwana yangu." Tukamwacha mtoto kwa jirani tukaenda.

Kwenye tramu alikaa ameipakata sahani imefungwa kwenye taulo, kama mtu anayetoka kliniki na kichanga. Mimi nilisimama na mashine, mbali naye. Nilikuwa nimeshapanga uongo. Nitasema mashine imeharibika, sindano imekatika, tutajaribu wiki ijayo. Nilijua hakuna wiki ijayo.

Lakini papa alikuwa akitungoja tayari, macho mlangoni. Alikuwa amenyolewa. Alikuwa amemwomba nesi ampandishe kitanda, mito mitatu nyuma, kama mtu anayengoja picha. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba sindano imekatika.

Nikachomeka mashine. Nikaweka sahani haraka ili asiione, nikashusha sindano.

Ukajaa mvumo. Kama mvua kubwa juu ya bati, haina pa kuanzia. Mama aliangalia sakafu. Lakini ndani ya mvumo, mbali sana, kama bendi inapiga nyumba ya tatu kutoka yetu na madirisha yamefungwa, kulikuwa na kitu kinachokwenda. Mapigo. Besi, labda. Papa alikunja uso. Hakuuliza. Alifumba macho akafuata. Nami nikafuata, maana wimbo ule naujua kama ngazi za nyumba yetu, na nilijua tunafika wapi, na nilijua kwamba pale hakutakuwa na kitu.

Papa akainua kidole.

Bendi ikanyamaza, au sisi tulijua imenyamaza, kwa kuwa mvumo haukubadilika. Na pale pale, mahali pake hasa, papa alivuta pumzi. Ya haraka. Kubwa kuliko zote nilizomsikia akivuta mwezi ule. Ilipita kwenye mrija wa puani kwa filimbi.

Kisha kikohozi kikamshika, na hakikuwa kikohozi kizuri cha vitabuni. Nesi aliingia, akaongeza oksijeni, akamshika mgongo kwa ile mikono yake, akanitazama nami nikainua sindano. Ilichukua muda. Papa alipotulia alikuwa na rangi ya zile sahani. Akanyoosha mkono, anataka kuishika. Nikampa. Nilikuwa nimechoka kudanganya kabla hata sijaanza.

Akaipitishia dole gumba. Likafika kwenye shimo la dole gumba jingine, likakaa hapo. Akainusa.

"Nani ameosha?"

Nilifungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Ni miye."

"Na nini?"

"Na alcool, papa."

Papa alifikiri. Alikuwa anakusanya hewa ya kusemea, na sisi tulingoja kama wageni wa samaki na bia walivyokuwa wakingoja.

"Donc," akasema, "iko safi."

Nimeligeuza neno hilo, kwamba basi iko safi, kila upande. Sijui kama alikuwa anamfanyia mama mzaha kama wa zamani, au anamsamehe, au alikuwa amekasirika kuliko sisi sote na hana hewa ya kugombana. Alirudisha sahani, akageukia dirishani. Hakuiulizia tena. Alikufa katikati ya wiki, asubuhi, mama akiwa anamfuta uso, mimi nikiwa kwenye kantini na kijiko cha viazi mkononi.

Kwenye matanga, ukumbini, shangazi alishuhudia. Alisema mbele ya watu wote kwamba nyumba ya kaka yake ilisafishwa kwa wakati, vitu vya mfu vikafungwa, na kaka amekwenda kwa amani. Wamama wakaitika amina. Nikasimama. Nikamwambia kaka yake hakwenda kwa amani, alikwenda akitafuta kitu kidogo kuliko vyote alivyowahi kuomba, na wao ndio walioagiza kifutwe. Mwanzoni sauti yangu ilikuwa ya chini. Tonton mmoja, mzee wa ukoo, akaniambia nikae, mwanamke hagombani mbele ya maiti ya baba yake. Mama alinivuta sketi. Sikukaa mpaka nilipomaliza. Tangu siku hiyo shangazi haji kwetu. Watu wanasema ni bahati yetu kwamba mama hakushitakiwa lolote. Kweli. Ile alcool ilimwokoa mama. Alisafisha, hana kesi. Na ukweli huo ndio unaonikera.

Masanduku tumebaki nayo. Hakuna ndugu aliyeyataka siku ya kugawana vitu. Koti lilipata mtu, saa ilipata mtu. Ile sahani mama aliiweka kabatini, chini ya mashuka.

Jumamosi iliyopita nilirudi kutoka dukani mchana, mtoto amelala begani. Nikasikia mvumo tangu kwenye korido. Mama alikuwa amefungua mashine mezani. Alikuwa ameegesha sikio karibu kabisa na spika, mkono mmoja umeziba sikio la pili. Aliniona, hakuinuka. Nikamtazama nikakumbuka kwamba miaka yote ile, kila papa alipotunyamazisha, mama alikuwa jikoni au amelala na miguu juu ya mto baada ya zamu. Aliishi na pumzi ile nyumba moja na hakuwahi kukaa chini akaisikia.

"Nionyeshe," akasema. "Ilikuwaka wapi? Ni hapa, ao bado?"

Ilikuwa bado. Ilikuwa mbele kidogo tu. Ningenyoosha kidole, angepajua.

Sikunyoosha. Nilikwenda chumbani nikamlaza mtoto, nikamvua viatu, nikamfunika. Mvumo ulifika mwisho wake, ukakatika. Nikasikia mama anainua sindano, anahesabu kitu kwa sauti ya chini, na anaishusha tena mwanzo.